Ugonjwa wa Mlimani

Mnunuzi angekuja Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Kiarie, mwanawe Waruguru, alikuwa amekwisha kuamua. "Mama, hii pikapu imechoka. Na wewe pia umechoka. Tuiuze." Maneno yalimchoma Waruguru. Pikapu ilikuwa ya marehemu Kinyua, mumewe, na tangu wamzike mwaka 2004 yeye ndiye aliyeiendesha, akitoa kabichi Kitale kupeleka soko la Chwele.

Taabu ilikuwa milima. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri tu. Likianza kupanda, basi tena! Linakohoa, linatoa moshi mweusi, linanuka petroli, hata baiskeli zinalipita. Na likifika gereji linanguruma kama halijawahi kuugua. Mafundi wawili wa Kitale walimcheka waziwazi.

Siku hiyohiyo akamwendea Wepukhulu, fundi wa Bungoma aliyekuja Chwele siku za soko. Huyu hakukimbilia spana. Aliuliza: moshi rangi gani? Unaanza wapi? Kisha akafungua plagi, akaikuta nyeusi kama sufuria ya kuni.

"Mama, hudanganyi. Hii inapata petroli nyingi kuliko hewa. Lakini mgonjwa anaumwa mlimani, na sisi tunampima huku chini! Twende kule juu, Kapsokwony."

Waruguru akaingia, akatundika kiondo chake, kikapu kizito cha kusukwa, pale pa siku zote, kwenye kishikio kando ya usukani. Wepukhulu akaketi upande wa pili. Mlima wa kwanza tu, gari likaanza kukohoa.

Fundi hakuangalia moshi. Aliangalia kiondo. Kadiri barabara ilivyoinuka, ndivyo kiondo kilivyobembea nyuma kuelekea magoti ya mama, na kishikio nacho kikavutika kutoka.

"Woi! Mama, si hiyo ni choki! Ile ya kuvuta asubuhi gari ikiwa baridi! Inaziba hewa!"

Akakitungua kiondo, akakipakata. Kishikio kikarudi ndani chenyewe, na gari likapanda bila kikohozi.

"Na ukifika gereji, unashuka na kiondo?"

"Sasa nikiache kwa gari nina wazimu?"

Wepukhulu alicheka mpaka akajifuta machozi. Waruguru hakucheka.

"Kinyua akiendesha, mimi nilikuwa nakaa hapo ulipokaa," alisema, macho barabarani. "Nimekipakata hivyohivyo. Alipokufa nikahamia huku kwa usukani, na sikuwa na mtu wa kunishikia."

Fundi hakukirudisha kiondo; alikipakata hadi Kapsokwony.

Jumamosi Waruguru aliamka mapema, akapakia kabichi, akamwita Kiarie. "Ingia. Pakata hiki, na usikiachilie."

"Mama, na mnunuzi?"

"Ingia kwanza."

Mnunuzi alipofika Kitale saa nne, hakukuta gari wala wenyewe. Walikuwa milimani, mama anaendesha, na Kiarie amekaa kando yake, kiondo mapajani.