Mivinje Iliyoponea Chupuchupu

Mdogo wangu, aliyenizidi kimo na ukaidi, alikuja asubuhi na msumeno wa mashine begani. Hakuja kunisalimia.

"Dada, leo mivinje inalala chini."

Mivinje hiyo niliipanda mwenyewe miaka sita nyuma, mstari mzima wa miti ya kukinga shamba, upande unakotoka upepo. Sasa mizabibu yangu iliyo jirani nayo ilikuwa inageuka manjano, na huko juu, kwenye shamba la mdogo wangu, michungwa yake michanga ilikuwa inakauka. Kisima chetu sote ni kimoja na kilikuwa kimepungua. Bila maji, michungwa isingemaliza mwezi.

"Miti yako inakunywa kama ngamia," akasema. "Yangu inakufa kiu."

Nilikuwa na hasira tu. Nikachukua sepetu nikaanza kuchimba chini ya mzabibu wa manjano. Nilisema natafuta mizizi ya mivinje. Ukweli ni kwamba nilikuwa namchelewesha.

Likatoka tope. Mdogo wangu akalifinya, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mizizi ya mzabibu ilikuwa imeoza. Tukaenda kuchimba mwisho wa shamba, kusikofikiwa na kinga ya mivinje, kina kilekile. Vumbi tupu.

"Huku unamwagilia lini?" akauliza.

"Kote kila siku ya tatu. Alivyotufundisha Baba."

Nikaigeukia ile mivinje. Baba alipanga hivyo enzi za upepo mtupu, udongo ukikauka kabla ya jioni. Mivinje ilikuwa imeuzuia upepo, udongo ukawa unatunza maji, nami nikaendelea kumimina. Tena nilipoona manjano, niliongeza maji! Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia mno, nikazamisha shamba.

"Kumbe mnywaji ni wewe," akasema, akacheka mpaka akakaa chini. Nilitamani kumpiga na sepetu. Nikajikuta nacheka pia, machozi yananitoka.

Siku hiyohiyo tulielekeza mipira ya maji kwenye michungwa. Mizabibu iliyo karibu na mivinje niliiacha siku tisa, na kila siku ya tatu roho ilinipaa. Siku ya kumi nilichimba tena. Udongo ulikuwa na unyevu mzuri, na michungwa ilikuwa imeanza kuchipua.

Mdogo wangu alisimama pembeni yangu, anajikuna shingo.

"Dada," akasema, "miche ya mivinje uliipata wapi?"