Chumba cha Nyumba

Kabla hata ya kuwasha jiko, Mama Cherehani alibisha hodi chumba namba sita kuujulia hali ufa.

"Mgonjwa wako ameamkaje?" mpangaji alimtania, kichanga kikiwa begani.

Mama hakucheka. Fundi mwashi alikuwa amegandisha kipande cha kioo juu ya ufa kwa saruji, akamwambia, "Kikikatika, ujue ukuta unatembea. Usiniite kutazama, niite kuchimba." Leo kilikuwa kimekatika katikati.

Vyumba hivi sita alivijenga kwa sindano, miaka ishirini ya kushona sare za watoto wa watu. Tangu apate mpangaji wa kwanza alijiwekea sharti moja: kodi ya chumba cha sita hailiwi. Ni ya nyumba yenyewe, bati likitoboka au shimo la choo likijaa. Majirani walimcheka eti anailisha nyumba wakati yeye anakunywa chai kavu. Aliwaacha wacheke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kila mtu anaijua methali hiyo, lakini methali hainunui saruji. Sasa fedha ya kuimarisha msingi ilikuwa imetimia kwenye droo ya cherehani, na fundi angeanza kesho, kabla ya mvua.

Kosa lake lilikuwa mchanga. Alihofia bei itapanda, akaushusha mapema mbele ya lango. Saa sita mkaguzi wa majengo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mhuri, akauona.

"Mchanga huu wa nini, mama?"

Akaonyeshwa ufa. Hakuinama hata kidogo.

"Huchimbi bila kibali. Na kibali hakitoki bila cheti cha usalama."

"Cheti ni kiasi gani, mwanangu?"

Akataja. Ungedhani alikuwa ameichungulia ile droo.

"Nisipolipa?"

"Nafunga nyumba leo leo, na mchanga naubeba."

"Nikilipa, kibali kitatoka lini?"

"Kuna foleni. Labda baada ya mvua."

"Lakini ukuta ni mbovu, baba! Cheti kitasemaje?"

"Kitasema salama," alijibu, akaiweka karatasi gotini, akaigonga mhuri.

Mama alibaki na karatasi mkononi na droo tupu. Aliona uchungu, na zaidi ya uchungu aliona aibu, kwa kuwa alikuwa amemshukuru Bwana Mhuri.

Alasiri wingu lilitanda. Mpangaji akauliza, "Kwa hiyo tuko salama, mama?"

Angeweza kusema ndiyo. Karatasi ingemtetea.

"Cheti ndicho kinachosema. Mimi sisemi. Chukua mtoto, nenda chumbani kwangu."

"Na wewe je?"

"Hiki ni chumba cha nyumba. Acha nikae nayo."

Alikoroga gundi ya unga, akakibandika cheti juu ya ufa, pale pale kilipokatika kioo, kisha akavuta kigoda na kuketi akikitazama. Matone ya kwanza yaligonga bati. Baadaye mvua ikakolea, maji yakaanza kupita chini ya mlango, naye hakuondoa macho ukutani.

Karatasi ilichanika taratibu, ikianzia kwenye mhuri.

Mama Cherehani aliinuka. Alijua wapangaji wakitoka leo hawatarudi, wala kodi yao. Akajitanda kanga kichwani, akaingia mvuani, akaanza na chumba namba moja.

"Hodi, jamani. Tokeni. Tokeni nyote."