Mashine Isiyojua Maiti

Wifi yake Bi Matone hakuwa na simile. Tangu hospitali iseme itanunua mtindi wake kwa ajili ya wodi ya watoto, mradi maabara ithibitishe kwamba ni salama, simu ya Bi Matone haikupumua. Hilo la Matone ni jina la utani la kazini, huko maabara, maana kutwa alikuwa akidondosha matone kwenye vichupa vidogo visivyoshikika. Nyumbani alikuwa mke wa mtu, na mwenye mtindi alikuwa dada wa huyo mtu.

"Wifi, majibu?"

"Bado, wifi yangu. Kwanza nailaza sampuli kwenye supu."

"Supu? Mimi nimeleta mtindi, wewe unapika supu?"

Bi Matone akacheka, akamweleza. Supu wanayoisema maabara ni maji yenye lishe ya bakteria. Chakula hulazwa humo, kwenye joto, mpaka kesho yake. Kama kuna salmonella hai hata mmoja, yule bakteria aletaye kuhara na homa, atakula, atazaana, watajaa tele. Hapo ndipo mashine hupewa tone la supu isake vinasaba vyao.

"Na bila hiyo supu mashine haiwaoni?"

"Inaweza kuwaona, ila..."

"Basi ila ya nini tena? Hospitali wanataka jibu leo, la sivyo wanamchukua mwingine!"

Hapo ndipo Bi Matone alipoteleza. Angekuwa mteja wa mbali angemwambia asubiri, akate simu, maisha yaendelee. Lakini wifi ni wifi, na ukimuudhi mchana utamkuta sebuleni jioni. Akairuka supu. Akachukua mtindi moja kwa moja, akatoa vinasaba, akaviweka mashineni, akakaa roho juu akitazama mistari kwenye skrini. Mstari wa maji matupu, wa kuhakikisha kwamba meza yenyewe si chafu, ulilala chini mpaka mwisho. Wa mtindi nao ulilala, akaanza kutabasamu, kisha ukainuka.

Salmonella. Kwenye mtindi wa watoto wagonjwa!

Alipompigia wifi yake kumweleza, wifi alikuja juu.

"Mashine si uko nayo wewe? Iambie imekosea."

"Siwezi, wifi. Ni watoto."

"Ulipoolewa kwetu, nani alikupokea?"

"Ni wewe."

"Leo ndiyo unanizika?"

Simu ikakatika. Bi Matone akalia palepale, glavu mkononi, asiweze hata kujifuta machozi.

Mkuu wa maabara, mzee mpole ambaye vijana walimwita Ngoja Kwanza, alimkuta katika hali hiyo. Akaambiwa yote, na la supu halikufichwa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mzee hakuisema.

"Mashine inasoma vinasaba," alisema. "Na maiti anavyo vilevile. Hao uliowaona wako hai au wamekufa?"

"Sijui."

"Basi hatuandiki tusilolijua. Wala la kumfungia wifi yako biashara, wala la kumbeba. Tunaanza upya, na safari hii napima mimi. Huyu ni ndugu yako, kaa pembeni. Mwambie alete na maziwa mabichi ya kwa huyohuyo anayemuuzia, kabla hayajaguswa na moto."

Hospitali mzee aliipigia mwenyewe. Walinung'unika kidogo, wakakubali kungoja. Watoto ni wao.

Wifi alileta maziwa bila salamu. Alitua dumu mlangoni, akageuka na kwenda zake. Jioni ile mume wa Bi Matone, aliyebanwa kati ya mke na dada, aliosha vyombo bila kuombwa.

Kesho yake mzee akapeleka mtindi na maziwa mashineni baada ya kulazwa kwenye supu. Mstari wa maziwa mabichi ulipanda mapema, tena kwa kishindo. Wa mtindi ulilala, ukalala, ukalala mpaka mashine ikamaliza kazi. Bi Matone, kule pembeni, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Hata sahani za kuoteshea bakteria, zilipokuja kusomwa siku zilizofuata, zilisema hivyohivyo.

Jibu lilipokamilika, wifi aliitwa. Akasimama mbele ya meza kama mtu anayesubiri hukumu.

"Kwa hiyo wadudu walikuwamo au hawakuwamo?"

"Walikuwamo, walitoka na maziwa shambani," alisema Bi Matone. "Ukayachemsha sawasawa, wakafa wote. Mimi kwa haraka zangu nilisoma mizoga, ambayo kwenye supu haizaani, ikapotea katika wingi wa maji. Mtindi wako ni salama, wifi. Hospitali wameshaambiwa."

Wifi akavuta kiti, akakaa. Hakushangilia kama Bi Matone alivyotarajia.

"Na wanaoyanywa yale maziwa mabichi?"

"Mzee amezungumza na mwenye ng'ombe. Amesimamisha kuuza mpaka ng'ombe wapimwe."

"Mimi nawapikia watoto wa watu," wifi alisema taratibu. "Ningeyachemsha siku ile kwa pupa, kama nilivyokupelekesha wewe..."

Macho yalimjaa machozi, akayaacha yatiririke.

"Wifi, nikikuhimiza tena hapa kazini, nifukuze."

"Nitakufukuza."

"Mbele za watu."

"Hata mbele ya kaka yako," alisema Bi Matone, akamshika mkono.