Kamyo ya Tani Hamsini na Nne

Kamyo ya Lukusa ilizuiliwa forodhani Kolwezi kwa sababu haikuwa imelipiwa ushuru. Ilikuwa ndani ya boksi lenye ukubwa wa boksi la viatu: vipande vya plastiki ambavyo havijaunganishwa, na chupa ndogo ya gundi. Binti yake Jeanne ndiye aliyeituma kutoka Ulaya.

Lukusa alikuwa dereva wa kamyo kubwa za mgodi, malori ya kubebea mawe, mpaka kampuni ilipomwachisha kazi. Badala ya mishahara aliyokuwa anadai, alipewa nyumba ya vyumba viwili na sebule huko Musonoi, karibu na shimo la mgodi. Tangu hapo alikuwa akitengeneza kamyo ndogo kwa makopo ya sardini. Zilikuwa nzuri, lakini hakuna iliyokuwa sahihi. Jicho lake la kulia lilikuwa limekufa. La kushoto lilikuwa na ukungu, na daktari alisema halitafika msimu wa mvua. Lukusa alitaka kuunganisha kamyo moja iliyo sahihi, ile aliyoiendesha, na kuiona imekamilika. Hakutaka kitu kingine.

Ofisa wa forodha, kijana aliyeitwa Merdi, alitazama picha iliyo juu ya boksi.

"Muzee, hii ni kitu ya kuchezea? Kama ni ya batoto, utalipa kidogo tu."

"Batoto wapi? Hii ni kamyo. Mi niliendesha hii."

"Niandike kamyo?"

"Andika kamyo."

"Uzito?"

"Tani makumi tano na ine, bila mzigo."

Merdi aliandika. Kisha akaitazama tena picha. "Usukani iko kuume, tata. Inakatazwa kuingiza."

"Haijafungwa bado. Nitaifunga kushoto."

"Basi sawa."

Nje, kamyo za madini zilikuwa zinapita kuelekea mpakani, moja nyuma ya nyingine. Mlinzi aliinua kizuizi kabla hazijafika, ili zisilazimike kupunguza mwendo.

Ushuru ulihesabiwa kwa tani. Lukusa aliuza friza ambayo mke wake, Agnès, aliwekea samaki wa kuuza. Alilipa, akapewa boksi, akalibeba kwapani mpaka nyumbani.

Kipande kikiwa peke yake kilikuwa chepesi. Kikishaunganishwa, kilichukua sehemu yake ya uzito ulioandikwa. Lukusa alipogundisha chasisi, miguu ya meza ilizama katika sementi. Alipoweka injini, meza ilivunjika, na kamyo ikabaki sakafuni pale pale ilipoangukia. Alijaribu kuisogeza, haikusogea. Akakaa chini na kuendelea kufanyia kazi hapo hapo.

"Meza yangu, Tata Jeanne," Agnès alimwambia mumewe.

"Nimeiona."

"Kwanza friza, sasa meza. Kesho utaniuzisha na mie."

Pasta Beya, jirani yao, alikuja kutazama. Alipiga goti, akaisukuma kamyo kwa kidole kimoja, kisha kwa mikono yote miwili. Aliinuka akapangusa suruali.

"Petro alimukana Bwana mara tatu, na alisamehewa," alisema. "Weye ulishindwa kukana kamyo mara moja?"

Agnès alicheka mpaka akatoka nje. Lukusa hakucheka. Asubuhi alirudi forodhani kuomba uzito urekebishwe.

"Inawezekana," Merdi alisema. "Leta kamyo ku mizani, tuipime."

"Haibebeke."

"Kwa nini?"

"Iko nzito."

"Basi uzito wenye tuliandika ni wa kweli. Tunarekebisha nini, muzee?"

Lukusa alikubali kwamba hoja hiyo ilikuwa nzuri. Alirudi nyumbani. Siku hizo ukungu wa jicho ulikuwa umefika katikati, naye alikuwa akiunganisha matangi ya mafuta kwa kuyashika karibu kabisa na uso. Kila alipoweka gurudumu, ufa katika sakafu ulisogea. Ufa mmoja ulipanda ukuta ukapita nyuma ya picha ya harusi, mwingine ulitoka nje mpaka kwenye shina la mparachichi. Vilibaki sanduku la nyuma, lile la kubebea mawe, na dereva wa plastiki mwenye kofia nyeupe.

Agnès aliketi mlangoni na sahani ya mchele wa kuchambua.

"Ukiweka ile sanduku, nyumba inaenda," alisema.

"Naijua."

"Sasa? Nyumba ao kamyo?"

"Nyumba, hata nikiwa kipofu nitaipapasa," Lukusa alisema. "Kamyo lazima niione."

Agnès alichambua mchele kwa muda. Kisha alianza kutoa nje masufuria, magodoro na picha ya harusi. Alipomaliza, alisimama uani akamwambia aweke.

Lukusa aligundisha sanduku. Alimweka dereva upande wa kushoto. Alisogeza jicho lake karibu, akaiona kamyo yote, rangi ya manjano, ngazi, vioo, mahali pake pa kukalia. Kisha ikashuka. Ilishuka taratibu, bila kuinama upande wowote, kama kitu kinachojua kinakokwenda. Lukusa alitambaa akatoka mlangoni kabla ukuta wa sebule haujaifuata.

Chini ya shimo ambalo kamyo ililiacha kulikuwa na mawe meusi na ya kijani, ya kobalti na shaba. Wachimbaji wadogo kutoka Mutoshi walifika kabla vumbi halijatua. Mkubwa wao, Mechack, alimwambia Lukusa watagawana nusu kwa nusu, na pengine wangegawana kweli. Lakini kampuni yenye haki ya kuchimba eneo hilo ilituma walinzi, ukuta wa mabati, na mtu wa kueleza. Mtu huyo alieleza kwa upole kwamba kilicho chini ya nyumba si cha mwenye nyumba, na kwamba nyumba yenye shimo hailipwi fidia. Kuhusu kamyo, alisema mashine iliyoko ndani ya shimo ni ya shimo.

Sasa wanakaa chumba cha nyuma kwa Pasta Beya. Mawe ya shimo lao yanapita barabarani kila siku, na mlinzi anainua kizuizi mapema. Lukusa huzijua kamyo kwa mlio. Anasema ile yao haimo.

Watu wakiuliza kamyo iligharimu nini, Agnès ndiye anayejibu, kwa vidole. Friza moja, na samaki waliokuwamo. Meza. Vyumba viwili na sebule. Mishahara yote iliyogeuzwa kuwa vyumba hivyo. Mparachichi, uliokuwa umeanza kuzaa. Jicho halihesabu. Anasema hilo lilikuwa linaondoka hata hivyo.