Mkosi wa Chui wa Karatu

Tangu klabu ya Chui ilipoanzishwa mwaka hamsini na tisa, Marijani mwenye bucha hakuwahi kukosa mechi hata moja, na hakuwahi kumwona mchezaji anayejua mpira. Alisimama mahali palepale kila Jumapili, karibu na goli la upande wa barabara ya Oldeani, akawapa vijana wa Karatu haki yao. Golikipa Inosenti alimwita mlango wa zizi, kwa kuwa kila kitu kilipita. Beki mmoja aliambiwa kwamba angekuwa ng'ombe, angeshachinjwa kwa huruma. Chui wakifungwa, na walifungwa sana, Marijani alirudi nyumbani akasukuma chakula pembeni, na mkewe Sikudhani alijua asimguse mpaka asubuhi. Mpira wa klabu ulilala buchani kwake, na yeye ndiye aliyeupaka mafuta ya kondoo ili ngozi isikauke. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yake, na hakujua namna nyingine ya kupenda.

Mwaka wa sitini na nne akashikwa na homa kali, akashindwa kwenda na timu Baray kwenye nusu fainali ya kombe. Chui wakashinda mabao manne. Marijani alipopata habari alifurahi hadi akaketi kitandani, kisha akasema golikipa wa Baray lazima atakuwa haoni vizuri. Hakujua kwamba wenzake wameanza kujumlisha moja na moja: mzee hayupo, timu inashinda.

Wiki ya fainali, Sulemani akaja buchani. Sulemani alikuwa na duka la vitambaa, na ndiye mwenyekiti wa klabu, mtu wa maneno ya kuzungukazunguka. Akauliza afya ya Sikudhani, akauliza mvua, akasifu maini yaliyoning'inia. Marijani akaendelea kunoa kisu, akijua kwamba mtu huyu hajawahi kusifu maini bure. Mwishowe likatoka. Jumapili wanacheza na timu ya mashamba ya kahawa ya Oldeani, na vijana wameapa kwamba mzee akionekana uwanjani hawaingii. Wanasema ana mkosi.

"Inosenti anadaka kwa macho yaliyofumbwa," Marijani alisema, "halafu mwenye mkosi ni mimi?"

"Mzee Marijani, wewe ni baba wa klabu. Ndiyo maana tunakuomba, hatukufukuzi."

Kisha Sulemani akauomba na mpira, akaondoka nao kwapani. Marijani alibaki akikitazama kigogo mpira ulipokaa miaka yote ile. Iliuma, na akaona aibu kwamba imeuma. Watu wazima hawa, alijiambia, wengine wamesoma, wengine wana redio, wamekaa kikao wakaamua kwamba miguu yao mibovu ni kosa la mchinja ng'ombe. Lakini kuikosa fainali hakuweza. Afadhali wangemkata mkono.

Jumapili alimuaga Sikudhani kwamba anakwenda kuangalia madume. Kweli alikwenda kwa Moloimet, Mmasai wa Ngorongoro aliyemuuzia ng'ombe siku zote, ambaye baada ya mnada alikuwa amepumzisha mifugo yake nje ya mji. Akamwomba shuka na fimbo. Moloimet alimtazama akivua kanzu na kubaki na kaptula, akasema miguu ile haijawahi kufuata hata mbuzi. Alimfunga shuka mwenyewe, nzito kwa mafuta na udongo mwekundu, akamfunika kichwa. Halafu akampa sharti moja. Asipige kelele, kwa sababu hakuna mchungaji mwenye akili atakayepigia kelele watu wanaofukuza ngozi ya ng'ombe ambaye nyama yake wameshakula.

Wakasimama pembeni mwa uwanja, katikati ya wachungaji wengine waliokuja kushangaa. Sulemani alipita karibu kabisa, hakugeuza shingo. Marijani akamdharau zaidi kwa hilo.

Timu ya Oldeani ilikuwa na viatu, Chui nusu yao walikuwa pekupeku. Mapema tu Inosenti alitoka golini bila sababu, mpira ukampita pembeni ukaingia taratibu. Maneno yalimpanda Marijani kooni, mazuri, mapya, ya kumtosha Inosenti mpaka uzeeni. Akauma pindo la shuka. Beki akapiga hewa, akauma tena. Moloimet alimwangalia kwa jicho la pembeni, akacheka kimya. Kipindi cha pili Chui wakasawazisha, na kuelekea mwisho, kwa kona iliyompiga mtu begani bila yeye kujua, wakapata la pili. Lilikuwa bao la kipumbavu kabisa. Marijani alilia ndani ya shuka ya watu.

Filimbi ya mwisho ilipolia alishindwa kuvumilia. Akaitupa shuka, akaingia uwanjani na kaptula yake, midomo na meno vyekundu kwa udongo, akamkabili Sulemani mbele ya wachezaji wote.

"Nilikuwa hapa tangu mwanzo," alisema. "Mkosi wenu uko wapi?"

Sulemani akamtazama kuanzia miguuni, akasimamisha macho kwenye midomo ile.

"Tangu mwanzo? Na hukusema kitu?"

"Sikusema hata neno moja," Marijani alijibu kwa majivuno.

Sulemani akawageukia wachezaji. Inosenti, aliyetukanwa miaka mitano, alitikisa kichwa polepole kukubali.

"Basi tumekuonea, mzee," Sulemani alisema. "Si wewe. Ni mdomo wako."

Mpira ukarudi buchani siku ileile. Jumapili iliyofuata Marijani aliwekewa kiti mbele, kando ya mwenyekiti, akapewa chai, akasalimiwa kwa heshima na kila mchezaji, kwa sharti alilolijua. Akakaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Chui wakashinda tena. Marijani hakuwahi kuona mpira mbovu namna ile katika maisha yake yote, na hakuwa na mtu wa kumwambia.