Mita Kumi na Nane

Walinzi wa bwawa la maji walimwita Mama Tiki, na jina lilimkaa kama kofia ya kupimwa. Alikuwa fundi wao wa silaha, na kila aliporekebisha kilengeo cha bunduki alihesabu milio ya skrubu kwa sauti, tiki ya kwanza, tiki ya pili, mpaka jicho na risasi vipatane. Kazi hiyo alifundishwa na kaka yake. Kaka alipofariki, karakana aliachiwa yeye, pamoja na meza yenye madoa ya mafuta, kiti cha mbao na dirisha linalotazama ua na maji.

Kaka alikutwa kwenye kiti hicho saa nane mchana, karabini yake, ile bunduki fupi, imelala mapajani. Daktari alisema ni moyo. Usalama wa bunduki ulikuwa umefungwa na risasi zote zimo. Watu walilia, wakazika, wakarudi kazini.

Miezi mitatu baadaye likaja boksi la vilengeo vipya sita, vile vya kioo chenye nukta nyekundu. Unatazama kwa macho yote mawili, na nukta inaelea juu ya shabaha kama tone la damu lililokataa kudondoka. Kaka alikuwa ameletewa kimoja cha majaribio mapema, akakifunga kwenye karabini yake. Sasa zilibaki bunduki za walinzi, na palikuwa na jambo la kuamua kwanza: nukta na risasi zikutane umbali gani?

"Mita mia," alisema mkuu wa lindo, mtu wa kitambi na vicheko. "Hiyo ndiyo namba ya kiume."

"Namba haina ndevu, Mkuu. Kioo kimekaa juu ya mtutu. Risasi inatoka chini ya jicho lako, inapanda, inaikuta nukta, inaipita, halafu inashuka. Ukizikutanisha karibu mno, mbali utapiga juu. Hamsini inasamehe zaidi. Kuanzia hapa mpaka mia mbili, risasi haiachani na nukta zaidi ya vidole vitatu."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu. Niache nipime."

Alianza na bunduki ya kaka, maana ilikuwa tayari. Kwenye uwanja wa shabaha aliweka karatasi mita hamsini, akalala kifudifudi, akafyatua tatu. Matundu yalikaa pamoja vizuri, lakini nusu shubiri juu ya nukta. Akasogeza karatasi mpaka ishirini na tano. Bado juu, ingawa kidogo. Akasogeza tena na tena, mkuu akicheka kwamba sasa anataka kuipiga kwa kitako. Risasi ilipoingia pale pale ilipokaa nukta, alivuta futi ya kupimia. Mita kumi na nane kamili.

"Alikosea," mkuu alisema.

"Kaka yangu? Mtu aliyekuwa anapima chumvi kwa kijiko cha dawa?"

Hakuna fundi anayechagua kumi na nane bila sababu. Alirudi karakana, akaifunga ncha ya futi kwenye kiti cha kaka, akaipitisha dirishani, akatembea nayo uani. Kumi na nane iliishia kwenye mlango wa nyumba ya pampu ya zamani, wenye kufuli la kutu ambalo ufunguo wake ulipotea enzi za wazee. Alisimama pale jua la utosi likimchoma, akageuka kukitazama kiti cha kaka kupitia dirishani.

Jioni alikwenda kwa wifi yake, mjane wa kaka, aliyekuwa bado anakaa nyumba za wafanyakazi. Alimkuta anakunja nguo. Wifi alisikiliza, mikono ikapunguza kasi.

"Alisema kuna mtu anakuja saa saba," alisema mwishowe. "Mchana kweupe. Nikamwambia ni njaa, uwe unakula. Akasema, 'Hapana mke wangu, nimempima. Haongezi mita, hapunguzi.'"

"Mtu gani, wifi?"

"Nilimuuliza. Akavaa viatu, akaenda kazini. Siku ile ya mwisho aliaga akisema, 'Leo atageuka mzima, nimwone uso.'" Alibana nguo kifuani. "Mimi nilicheka, wifi yangu. Kicheko hicho ndicho kinachonila."

Kesho yake, saa saba kasoro, Mama Tiki aliketi kwenye kiti kile. Alichomoa magazini yenye risasi, akakagua chemba mara mbili kuwa ni tupu, akaiweka bunduki begani. Kwa macho matupu uani hapakuwa na kitu: mlango, kufuli, kivuli kifupi cha ukuta. Akawasha nukta.

Mtu alikuwa amesimama mlangoni, amempa mgongo.

Alishusha bunduki, hapana mtu. Alipopandisha, yupo. Alizima nukta, kioo kikawa kioo tu, na mlango mtupu. Akaiwasha tena, na sasa bega moja la yule mtu lilikuwa limegeuka kidogo. Alivaa aproni ya buluu. Kwenye mkanda wake palikuwa na kiraka cha kitambaa cha pazia, kilichoshonwa kwa uzi mweupe kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Mama Tiki hakuhitaji kuinama kutazama aproni aliyovaa yeye. Alikikumbuka kiraka kile na sindano iliyomchoma alipokishona.

Nukta nyekundu ilikuwa imetulia katikati ya mgongo wake mwenyewe.

Hapo akamwelewa kaka. Aliipatanisha bunduki na mlango ili ampige yule mtu bila kukosea hata unywele. Kisha akajitambua, kidole kikagoma, akabaki akitazama siku baada ya siku mpaka uso ukageuka wote.

Sikio likaanza kujitokeza, halafu pembe ya shavu. Mama Tiki alizima nukta, akatoka nje mbio.

Angeweza kuitupa bunduki, lakini kitu kilichoandikwa kwenye daftari la silaha hakitupwi. Alifanya alichokijua. Aliipeleka uwanjani, akashusha kilengeo tiki kwa tiki mpaka kikakaa sawa kwenye hamsini. Siku iliyofuata, saa saba, mlango wa pampu ulikuwa mtupu. Akashusha pumzi. Kisha akasogeza kioo kulia taratibu, na kwenye ukingo wa bwawa akaiona aproni ya buluu, imesimama, imegeuka nusu. Hakuvuta futi. Alijua ni hamsini.

Mchana huohuo alirudi uwanjani na kuiweka mia. Kutoka dirisha lile, mita mia huangukia katikati ya bwawa, mahali penye kina kuliko pote. Saa saba ya kesho alitazama mara moja, kwa hesabu ya pumzi tatu. Maji yalikuwa bapa. Mahali pamoja tu yalizunguka polepole, bila upepo, kama yanayofunika kitu kinachoshuka. Akazima, akaifungia bunduki kabatini.

Vilengeo sita vipya havikuonyesha kitu. Hata hivyo alivipima vyote mia, akasaini daftari. Mkuu alishangilia kama aliyeshinda kesi.

"Si nilikwambia!"

"Ulisema, Mkuu."

Jioni alimsimulia wifi yote bila kuficha. Wifi alilia kwanza, kwa sauti ndogo, kisha akafuta uso.

"Kwa hiyo hakutaka kutuacha. Alikuwa anapigana."

"Alikuwa anapigana."

"Na huyo wa kwako, aligeuka?"

"Nusu."

Wifi alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akainuka, akatoa sahani mbili kabatini, akazifunga pamoja kwenye kitambaa.

"Kuanzia kesho nitakuletea chakula saa saba," alisema. "Tutakula pamoja, na wewe utakaa ukinitazama mimi."