Dohani ya Mzee

Fundi Saa hakuwa mtu wa kijicho. Hayo aliyasema mwenyewe, tena mara nyingi, na mtu wa kuyasema mara nyingi jueni ana lake jambo.

Kazi yake ilikuwa saa, lakini roho yake ilikuwa kwenye vichwa vya treni vidogo, urefu wa kiganja, vinavyouzwa vipande vipande ndani ya boksi. Vipande hivyo ni vya metali nyeupe, laini, inayoyeyuka upesi. Unavipiga tupa, unaviunganisha kwa chuma cha kulehemu chenye moto mdogo, unavipaka rangi. Moto ukizidi kidogo tu, umekwisha: kipande kinakuwa uji.

Baba mkwe wake alikuwa dereva wa treni mstaafu. Kila Jumapili mzee alikuja kuketi kwenye kigoda kando ya meza ya Fundi Saa, akisimulia milima aliyoipanda na breki zilizomgomea. Kila alipotaka kushika kipande, Fundi Saa alimzuia kwa adabu zote.

"Taratibu, baba. Hivi vinaharibika upesi."

Mzee alirudisha mkono.

Kisha Kinyozi naye akajitosa. Huyu alikuwa mwanyumba wake, maana wameoa mtu na mdogo wake. Alinunua boksi la kichwa kilekile alichokiendesha mzee miaka yote. Lilikuwa la mwisho dukani, na kiwanda chenyewe kilishafungwa. Jumapili iliyofuata kigoda cha Fundi Saa kilibaki kitupu. Na iliyofuata.

"Baba yuko wapi?" alimwuliza mkewe, kana kwamba hajui.

"Kwa mdogo wangu. Amepiga tupa magurudumu yote mwenyewe! Ungemwona, kama mtoto."

"Vizuri sana," alisema Fundi Saa. Roho ilimuuma mpaka chai ikamshinda. Kinyozi! Mtu ambaye hata ndevu za wateja anazikata upande! Miaka yote hii yeye amemkalisha mzee, amemsikiliza, leo anaachwa kwenye mataa kwa ajili ya mtu wa mashine ya kunyolea!

Jioni Kinyozi alikuja kuazima chuma cha kulehemu.

"Changu kimeungua, na imebaki dohani tu, lile bomba la moshi, mwanyumba. Jumapili njoo ushuhudie."

Chuma hicho kilikuwa na kitufe cha kuzungusha cha kupunguza na kuongeza moto. Mke wa Fundi Saa alikitia doa jekundu la rangi ya kucha: doa likitazama juu, moto ni wa metali nyeupe. Familia nzima ililijua doa hilo. Fundi Saa aliingia ndani, akaongeza moto hadi ule wa kulehemu shaba, akakichomoa kitufe, akakirudisha doa likitazama juu. Akamkabidhi mwanyumba wake chuma kwa mikono miwili.

Jumapili Fundi Saa alifika mapema kwa Kinyozi, shati safi. Kichwa cha treni kilisimama mezani, na kilikuwa kizuri. Hapo hakuweza kujidanganya. Kinyozi aliwasha chuma, akatazama doa, akaridhika. Kisha akamgeukia mzee.

"Dohani ni yako, baba. Dereva ni wewe."

Fundi Saa hakulitegemea hilo. Neno lilimfika mdomoni: ngoja. Lakini mzee alikuwa anacheka, na hajawahi kucheka vile kwenye kigoda. Neno likarudi chini.

Dohani ilizama. Mgongo wa boila ukazama nayo, ukadondoka mezani matone matone.

"Ni chuma hiki," Kinyozi alisema haraka. "Kimezidi moto."

"Doa liko sawa, mwanangu." Mzee alikuwa akiitazama mikono yake. "Ni hii. Imekaa mno mahali pamoja. Mwenzenu nimezeeka."

Jumapili iliyofuata mzee alirudi kwenye kigoda. Fundi Saa alikuwa amekiwekea mto. Alipunguza moto, akaujaribu kwenye kipande kibovu, akamnyooshea mzee chuma.

"Shika, baba. Leo unganisha wewe."

"Mimi? Usinitanie. Ulikuwa unanizuia kwa haki, mimi ndiye sikuelewa. Mwenye mkono ni wewe."

Fundi Saa alikirudisha chuma mezani. Mzee aliichomeka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, na hakuitoa mpaka walipoitwa kula.